Kuongoza Watu Wasiolingana Tabia

Hakuna mwaka upitao bila kusikia kwamba chama fulani cha akiba kimevunjika, au kwaya fulani imegawanyika mapande mawili, au ndugu waliorithi duka moja wameliuza, wakagawana fedha na kila mtu akaenda zake. Tukiuliza sababu twaambiwa ni fedha. Mara nyingine ndivyo ilivyo. Lakini tukichunguza kwa utulivu twaona kwamba fedha zilikuja nyuma. Mbele yake alikuwako mwenyekiti asiyejua kusema na mweka hazina wake, kwa kuwa huyu ni mtu wa kimya, au kaka mkubwa aliyemwona mdogo wake kuwa mwepesi wa hasira, akaamua kumnyamazisha badala ya kumpa kazi. Wasomaji wetu wengi ni viongozi bila kujiita hivyo: baba na mama nyumbani, walimu wakuu, wasimamizi wa mashamba, wenyeviti wa vikundi vya kukopeshana. Leo twapenda kutazama pamoja nao jambo hili moja: kiongozi mwenye msimamo afanyeje na watu ambao Mungu hakuwaumba tabia moja?

Kwanza tuelewane juu ya neno. Msimamo si ukali. Mkali husema ili aogopwe, na mlegevu hunyamaza ili apendwe. Mwenye msimamo husema lililo lazima, bila mafumbo, mbele ya mtu yule anayehusika, na akisha kusema husikiliza jibu. Ole wake kiongozi asemaye na ukumbi mzima kosa la mtu mmoja, akitumaini kwamba mwenyewe atajitambua. Mwenyewe hajitambui hata siku moja, na wasio na kosa huondoka wakinung'unika.

Wayunani wa kale waligawa watu katika mafungu manne kwa kufuata maji waliyodhani yamo mwilini: mchangamfu, mwenye hasira, mwenye huzuni, na mpole asiyeharakishwa. Vitabu vya malezi viliutumia mgawanyo huo kwa karne nyingi. Elimu ya leo imeyaacha hayo maji, na mahali pake imeleta majedwali mengine, ambayo makampuni makubwa huwajazisha watumishi wao. Hatuyalaumu. Walakini twaona hatari moja: mtu akisha kubandikwa jina, hatazamwi tena. Ndiyo sababu tumechagua kuacha majedwali na kuwaeleza wasomaji habari ya watu 28 waliofungwa pamoja katika barafu kwa muda unaokaribia miaka miwili, na mtu mmoja aliyewaongoza. Twajua wako watakaosema: hao walikuwa Wazungu baharini, sisi yatuhusu nini? Tunaomba uvumilivu wao kidogo.

Mtu huyo aliitwa Ernest Shackleton, mzaliwa wa Ireland, mwaka 1874. Tarehe 5 Desemba 1914 aling'oa nanga kutoka kisiwa cha South Georgia kwa merikebu iitwayo Endurance, nia yake ikiwa ni kulivuka kwa miguu bara la barafu lililo kwenye Ncha ya Kusini ya dunia. Hakulivuka, hata kulikanyaga hakulikanyaga. Mwezi Januari 1915 merikebu ilinaswa na barafu katika bahari ya Weddell, ikachukuliwa huku na huku kwa miezi kumi, ikabanwa mpaka mbavu zake zikavunjika. Tarehe 27 Oktoba watu waliamriwa kuihama, na tarehe 21 Novemba ilizama. Mabaki yake yalionekana Machi 2022, yakiwa chini ya maji kiasi cha mita 3,000. Watu hao wakabaki juu ya barafu inayoelea, na mahema, mbwa, na mashua tatu. Simu ya upepo ya kuitia msaada haikuwapo.

Watu wenyewe hawakulingana hata kidogo. Walikuwamo mabaharia wa kazi ngumu ambao chuo chao kilikuwa bahari, na walikuwamo wataalamu kutoka vyuo vikuu. Tangu merikebu ilipokuwa bado nzima, Shackleton aliamuru kwamba kazi zote zifanywe na wote kwa zamu, hata kupiga deki. Kapteni Orde-Lees, mtu aliyelelewa kwa utaratibu wa kiungwana, aliandika katika daftari yake kwamba kazi hiyo haimfai mtu wa malezi yake. Aliandika, na deki alipiga. Msimamo wa kiongozi ulionekana hapo: hakubishana juu ya cheo cha mtu, wala hakumdhihaki, zamu ilikuwa zamu.

Sasa tutazame jinsi alivyowapanga katika mahema baada ya kuihama merikebu, kwa maana jambo hili lina mafundisho mengi. Kiongozi wa kawaida angechukua kwake watu anaopatana nao, apate usingizi. Shackleton aliwachukua watatu. Wa kwanza ni Frank Hurley, mpiga picha kutoka Australia, fundi wa kweli, shujaa, lakini mtu anayependa sana sifa. Asiposifiwa na kuulizwa shauri angeweza kukusanya wenzake pembeni na kuanza kunong'ona. Wa pili ni Hudson, ambaye moyo wake haukuwa na nguvu ya kuvumilia taabu ndefu. Wa tatu ni James, mwanafizikia, mtu wa vitabu, asiyejua kutumia mikono yake, ambaye katika hema ya mabaharia angefanywa mchezo wa kila jioni. Mmoja alihitaji kuheshimiwa, mmoja kutiwa moyo, na mmoja kulindwa. Wote watatu walipata haja yao kwa kulala tu karibu na mkubwa, pasipo mtu kutangaziwa udhaifu wake.

Hapo twapenda kusimama kidogo. Ni mara ngapi sisi wazazi huwaita mezani watoto watulivu na kumfukuza yule msumbufu akale jikoni? Na mwenyekiti wa kikundi, je, hamwepuki yule mjumbe mwenye maswali mengi, akapanga mikutano siku ambayo huyo hayupo? Msumbufu aliye mbali hasumbui kidogo. Husumbua zaidi, ila hatusikii mpaka siku ya uchaguzi.

Orde-Lees tuliyemtaja alikuwa na tabia nyingine iliyowachukiza wenzake: aliogopa njaa. Aliweka akiba ya vipande vya chakula, alihesabu, alitabiri mabaya. Mtu wa namna hiyo akiachwa bila kazi ni sumu ya kambi. Shackleton alimfanya mtunza ghala. Woga wake ukawa hesabu, na hesabu ikawa faida ya wote, ingawa hakuna aliyempenda kwa ajili hiyo. Tunawajua akina mama wengi waliofanya hekima kama hiyo pasipo kusoma habari za Ncha ya Kusini: yule binti mwenye choyo ndiye aliyekabidhiwa ufunguo wa kabati ya sukari, na sukari ikafika mwisho wa mwezi.

Katika vitu aliamuru kila mtu abakiwe na mzigo mdogo sana, kiasi cha ratili mbili za mali yake mwenyewe, na yeye wa kwanza akatupa dhahabu yake juu ya theluji mbele ya macho yao. Lakini banjo ya Hussey, mtaalamu wa hali ya hewa, aliamuru ichukuliwe, akiihesabu kuwa dawa ya roho za watu. Mifuko ya kulalia ya manyoya haikutosha: 18 ilikuwa ya manyoya na 10 ya sufi nyembamba. Ikapigwa kura. Mabaharia wakatambua upesi kwamba kura hiyo ilikuwa na ujanja ndani yake, kwa kuwa Shackleton mwenyewe, na Wild msaidizi wake, na nahodha Worsley, wote walipata ya sufi. Ujanja wa namna hii twaweza kuusamehe.

Tumefika kwa mtu ambaye kwa ajili yake hasa tumeandika makala haya. Aliitwa Harry McNish, seremala, Mskoti, mmoja wa wakubwa kwa umri katika kundi. Mikono yake ilikuwa ya dhahabu na ulimi wake wa msumeno. Alikuwa na paka aliyempenda, na ilipohamwa merikebu Shackleton aliamuru paka huyo apigwe risasi pamoja na mbwa wachanga, kwa sababu hapakuwa na chakula cha kuwalisha. Amri hiyo ilikuwa ya haki. McNish hakumsamehe maisha yake yote. Tena seremala alitoa shauri kwamba mbao za merikebu zitumike kujenga chombo kidogo, na shauri lake likakataliwa.

Tarehe 27 Desemba 1915 walikuwa wakiburuta mashua juu ya theluji laini iliyowameza mpaka magotini. McNish, mgonjwa na mwenye maumivu, alisimama akasema haendi. Akatoa na hoja: mkataba wa baharia ni wa kutumika ndani ya merikebu; merikebu imezama, basi mkataba umekwisha, na amri zimekwisha pamoja nao. Nahodha Worsley hakuweza kumwondoa mahali pale, akatuma aitwe mkubwa.

Tuone alivyofanya. Hakupiga kelele mbele ya watu. Alimchukua seremala kando, akasema naye peke yake kwa maneno yasiyo na shaka. Kisha akawakusanya wote, kwa kuwa hoja ile ilikwisha kuwaingia masikioni, akawasomea mkataba, akawaeleza kwamba wangali chini ya amri yake, na kwamba mishahara yao itaendelea mpaka wafike bandarini salama. Hiyo ndiyo iliyokuwa hofu yao hasa, wala si sheria. Mtu mwenye hasira alijibiwa faraghani. Hoja yake ilijibiwa hadharani. Na haja iliyofichika nyuma ya hoja ikatoshelezwa. Viongozi wengi hufanya moja tu la hayo matatu, wakashangaa moto unapowaka tena. Tuongeze kwa haki kwamba siku chache baadaye Shackleton mwenyewe aliona safari ile haiendi, akasimamisha kuburuta. Seremala hakuwa mjinga.

Barafu ilipopasuka, waliingia katika mashua tarehe 9 Aprili 1916, na baada ya siku sita za baridi na kiu wakafika kisiwa cha Elephant, mwamba mtupu usio na watu. Humo mashuani Hurley alipoteza glavu zake. Shackleton akamvulia zake, na Hurley alipokataa akaambiwa zitatupwa baharini asipozivaa. Vidole vya mkubwa vikaumizwa na baridi.

Ilionekana lazima mashua moja iende kutafuta msaada South Georgia, maili 800 za bahari iliyo mbaya kuliko zote. Wakachaguliwa watu sita. Worsley alikwenda, kwa kuwa, ingawa hakuwa mtu wa kuwatawala wengine, aliweza kupima jua na kuonyesha njia ambapo mwingine asingeona hata upeo. Tom Crean, mtu wa Kerry, alikwenda kwa sababu hakuchoka wala hakulalamika. McCarthy alikuwa mchangamfu kuliko wote. Na wawili waliobaki? Vincent, baharia mwenye mabavu ambaye alikuwa ameshushwa cheo kwa kuwaonea wenzake, na McNish. Walioandika historia ya safari hii wanakubaliana kwamba Shackleton aliwachukua hao kwa nguvu zao na ufundi wao, lakini pia ili asimwachie Wild watu wagumu kisiwani. Mzigo mzito aliuchukua mwenyewe.

Na seremala akafanya kazi ambayo bila hiyo hakuna mmoja wao angeokoka. Kwa mbao za masanduku na vipande vya sleji aliinua kingo za mashua, akaifunika kwa turubai lililokuwa limeganda hata lazima liyeyushwe juu ya moto wa mafuta ya sili kabla ya kushonwa, akaziba nyufa kwa utambi wa taa, rangi ya mchoraji na damu ya sili. Waliondoka tarehe 24 Aprili na kufika tarehe 10 Mei. Njiani, asema Worsley, mkubwa alipomwona mmoja ameanza kushindwa na baridi, aliamuru maziwa ya moto kwa wote, asije mmoja huyo akajua kwamba ametazamwa. Walipofika upande usio na watu wa South Georgia, McNish alitoa parafujo katika mashua na kuzitia katika nyayo za viatu vya watatu waliovuka milima kwa saa 36, yaani Shackleton, Worsley na Crean. Kabla ya kuondoka Shackleton aliandika katika daftari ya McNish mwenyewe kwamba anamwachia usimamizi wote wa wenzake wawili. Mwasi wa Desemba alikabidhiwa kambi mwezi Mei.

Kule kisiwani Elephant watu 22 walikaa chini ya Frank Wild miezi minne na zaidi, wakilala chini ya mashua mbili zilizopinduliwa. Wild alikuwa kinyume cha mkubwa wake: mfupi wa maneno, mtulivu, asiyetaka makuu. Kila asubuhi bahari ilipokuwa wazi aliwaambia wafunge mifuko yao, kwa maana huenda mkubwa atakuja leo. Tarehe 30 Agosti 1916, katika jaribio la nne, meli ya Chile iitwayo Yelcho, nahodha wake Luis Pardo, iliwachukua wote wakiwa hai.

Lingekuwa jambo zuri kuishia hapo. Ukweli hauturuhusu. Waliporudi, nishani ya kifalme ilitolewa kwa watu wa safari ile, na Shackleton aliacha kuwapendekeza wanne. McNish alikuwa mmoja wao. Mtu aliyeijenga mashua hakupata nishani, na waliookolewa na mashua ile walipata. Wenzake kadhaa waliona si haki. Sisi nasi twaona hivyo. Ilikuwaje mtu aliyejua kumweka kila mmoja mahali pake, aliyemwamini seremala kwa roho za watu, asiweze kusahau siku moja ya ukaidi? Twadhani kwamba hatarini Shackleton alimtazama McNish, na nyumbani alilitazama jeraha lake mwenyewe. McNish alikufa Wellington, New Zealand, mwaka 1930, katika umaskini. Mwaka 2004 watu walimwekea juu ya kaburi lake sanamu ya shaba ya yule paka.

Liko na la pili. Safari ile ilikuwa na kundi jingine upande wa pili wa bara, katika bahari ya Ross, lenye kazi ya kuweka akiba ya chakula njiani kwa ajili ya Shackleton, ambaye hakufika kamwe. Mwezi Mei 1915 dhoruba iliing'oa meli yao na kuwaacha watu 10 nchi kavu. Akiba waliiweka, na watatu walikufa: Mackintosh mkuu wao, Hayward, na Spencer-Smith. Ni kweli kwamba wote 28 wa Endurance walisalimika, na wengi hupenda kulisema hilo tu. Lakini kundi la mbali lilitengenezwa kwa haraka, kwa fedha haba, na madaraka kati ya wakubwa wake hayakuwa wazi. Kipaji cha Shackleton kilikuwa macho yake. Asipokuwapo, macho hayakuwapo.

Jambo hilo latugusa kuliko la merikebu. Katika nyumba nyingi za nchi yetu baba yu mbali: mjini, migodini, au ng'ambo katika nchi za Ghuba, siku hizi hata mama. Hutuma fedha na hutuma amri kwa simu. Mtoto mkimya hujibu "ndiyo, baba", na baba huridhika. Mtoto mbishi hubisha, simu hukatwa. Baba mwenye msimamo akiwa mbali hupungukiwa na kile kilichoufanya msimamo wake uvumilike, yaani kumwona mtu usoni. Afanyeje? Kabla ya kupanda mashua Shackleton alimwandikia Wild barua, akimpa mamlaka yote na ruhusa ya kuamua lolote atakaloona lafaa. Hakumwachia maagizo ya kila siku. Mama, shangazi au kaka anayebaki na watoto apewe hivyo hivyo, tena watoto wasikie akipewa, ili anapoamua juu ya karo au juu ya mbuzi wa kuuzwa, asiambiwe kwamba wangoje mpaka baba apige simu.